Amani ya Ukutani na Amani ya Uwanjani

Katika mji wa Siena, nchini Italia, mna jumba la serikali liitwalo Palazzo Pubblico. Humo, kati ya mwaka 1338 na 1339, Ambrogio Lorenzetti alichora kuta tatu za chumba walimokutana wale Tisa waliokuwa wakiutawala mji. Ukuta mmoja waonyesha matunda ya utawala mwema: wajenzi wako juu ya nyumba, fundi viatu yumo dukani, mwalimu anasomesha, na wachezaji wameshikana mikono barabarani. Ukuta unaouelekea waonyesha dhuluma na maangamizi yake.

Picha hii yastahili sifa. Mchoraji hakuhubiri amani kwa maneno matupu, bali alionyesha kazi zinazotendeka kwa kuwa watu hawana hofu. Hata hivyo, ina upungufu ambao aghalabu wanaoisifu huupita kimya: mji uliochorwa hauna mitaa. Wote ni kundi moja, kana kwamba hapana wa upande huu wala wa upande ule.

Siena yenyewe haikuwa hivyo. Imejengwa juu ya vilima vitatu, nayo imegawanyika sehemu tatu ziitwazo Terzi, yaani theluthi: Città, San Martino na Camollia. Ndani ya theluthi hizo zimo kontrada, ambazo sasa ni 17, na mipaka yake iliwekwa mwaka 1729. Neno "mtaa" pekee halitoshi kuifasiri kontrada. Kila moja ina bendera yake, kanisa lake na chemchemi yake, ambapo watoto hupokewa kuwa wanakontrada. Tena kontrada yaweza kuwa hasimu wa nyingine: Oca na Torre ni mfano ujulikanao sana.

Jambo ambalo mchoraji aliliacha, waashi walilishughulikia nje ya mlango wa jumba hilo. Pale vilima vinapokutana pana uwanja uitwao Piazza del Campo. Sakafu yake ya matofali ina vipande tisa, kwa kuwakumbuka wale Tisa. Sheria ya mwaka 1297 iliamuru madirisha ya nyumba zinazouelekea yafanane. Hapo ndipo hukimbizwa farasi wa Palio, tarehe 2 Julai na 16 Agosti, kontrada 10 kwa kila shindano. Uhasama haukufutwa, umepewa mahali na kanuni.

Mwaka 1348 tauni iliingia mjini. Ujenzi wa kanisa kuu jipya, ulioanzwa mwaka 1339, uliachwa, na ukuta wake mkubwa ungali umesimama hadi leo bila jengo nyuma yake. Mwaka 1355 wale Tisa wakapinduliwa. Picha iliyowaonya haikuwaokoa.

Kwa hiyo mwalimu atakayeisomesha picha hii na asiitenge na uwanja. Mwanafunzi akiishia ukutani, atadhani amani ni watu kuwa sawa. Akitoka uwanjani, ataona kuwa watu waweza kutofautiana sana na bado wakatunza mji mmoja.