Huna Locus

Oktoba iliyopita, bonasi ya chai ilipoingia, tulikuwa na kikao cha familia hapa Nyansiongo. Nikauliza pesa imegawanywa vipi. Baba mdogo akanikata: "Wewe huna locus. Chuo chenyewe kilikushinda, utatufundisha hesabu?" Watu wakacheka. Nikanyamaza, na chai yenyewe huwa nachuma mimi.

Neno hilo limenisumbua tangu siku hiyo. Kwa ukamilifu ni locus standi, Kilatini kilichotufikia kupitia Kiingereza cha mahakama, na maana yake ni mahali pa kusimama. Hakimu akiuliza kama una locus, haulizi kama una akili au digrii. Anauliza swali moja dogo: jambo hili linakuhusu vipi hadi ulilete kortini?

Lakini hata swali dogo linaweza kufunga mlango. Mwaka 1989 Wangari Maathai alienda Mahakama Kuu kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park. Kesi ikatupwa: hakuwa na locus standi. Yaani bustani ni ya umma, halafu mwananchi anaambiwa haimhusu! Maathai hakunyamaza, na jengo halikujengwa. Katiba ya 2010 ikaupanua mlango: Kifungu cha 22 kinamruhusu kila mtu kwenda kortini haki za msingi zikivunjwa, hata kwa niaba ya wengine. Cha 70, kuhusu mazingira, hakikudai hata uonyeshe kuna aliyepata hasara.

Ajabu ni kwamba sheria ikilegeza neno hili, sisi mtaani tunalikaza. Kwenye matanga, grupu za WhatsApp na mikutano ya chama, "huna locus" siku hizi ni njia ya kisomi ya kusema nyamaza. Tena tumelikata nusu: tumebakisha mahali, tukatupa kusimama. Mahali unapewa na wenye umri, wenye shamba, wenye digrii. Kusimama ni miguu yako mwenyewe.

Kiswahili kina neno msimamo, na limetokana na kusimama huko huko. Msimamo hupewi na mtu. Na kama siku ile ningeulizwa swali la korti, jambo hili linakuhusu vipi, jibu nilikuwa nalo mikononi: vidole vimeshika weusi wa majani chai.

Mwaka huu bonasi ikiingia nitauliza tena, nikiwa nimesimama.