Chaneli sita, waya mbili: sauti ya dabi inavyofika Msimbazi

Katika mabanda ya mpira ya Kariakoo, king'amuzi huunganishwa na sabufa kwa waya mbili, mwekundu na mweupe. Mechi inaweza kuwa imeandaliwa kwa sauti ya chaneli sita, yaani tatu za mbele, mbili za nyuma na moja ya besi, lakini zitakazopita hapo ni mbili tu. Sita zinakunjwa ndani ya king'amuzi, mbali na mikono ya fundi sauti aliyeko uwanjani. Kwa hiyo fundi anayepima kazi yake kwa spika sita pekee hajasikia bado kile watakachosikia watu wa Mtaa wa Msimbazi, hapohapo Kariakoo.

Kanuni ya kukunja inayofuatwa sana ni ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, iitwayo BS.775. Chaneli ya kati, anakowekwa mtangazaji, hupunguzwa desibeli 3 kisha huingizwa kushoto na kulia. Chaneli za nyuma, zenye kelele za mashabiki, nazo hupunguzwa desibeli 3 na kila moja huingia upande wake. Ya besi kwa kawaida huachwa. Mdundo unaotikisa banda sabufa huuchota kwenye chaneli mbili zilizobaki.

Sasa chukua dabi ya Simba na Yanga, Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000 ukiwa umejaa. Mtangazaji yuko chaneli ya kati peke yake. Mashabiki wako kwenye chaneli nne kwa kiwango kimoja, na kila kipaza sauti kinanasa jukwaa tofauti. Zikikunjwa, nguvu ya sauti ya mtangazaji haibadiliki, kwa sababu nusu inakwenda kushoto na nusu kulia. Nguvu ya mashabiki inashuka kutoka nne hadi tatu. Kwa hesabu mtangazaji amepata nafuu ya zaidi kidogo ya desibeli 1, na bado mtu aliyekaa bandani analalamika kwamba hamsikii.

Hesabu haina kosa. Kwenye spika sita, kelele zilikuwa zinatoka nyuma na maneno mbele, na sikio lina uwezo mkubwa wa kutenganisha sauti zinazotoka pande tofauti. Kwenye sabufa zote zinatoka palepale, na kelele zinayafunika maneno. Kombe la Dunia la 2010 Afrika Kusini lilionyesha ubaya wa hali hii: vuvuzela ililia karibu na hezi 233, na sauti zake za juu zikaangukia palepale penye maneno ya mtangazaji.

Hali huwa mbaya zaidi pale kipaza sauti kimoja cha mashabiki kinapopelekwa mbele na nyuma kwa pamoja ili uwanja uonekane mkubwa. Sauti ileile ikikutana na nakala yake, kelele za upande huo hupanda desibeli 4.6. Nakala ikiwa imecheleweshwa kidogo, baadhi ya mawimbi hufutana na uwanja mzima husikika kama uko ndani ya bomba. Mtindo huu naupinga kabisa. Chaneli za nyuma zipewe vipaza sauti vyake.

Halafu linaingia goli. Chaneli ya mbele, ya kati na ya nyuma zikifika kileleni kwa wakati mmoja, jumla yake ni mara 2.4 ya kiwango kinachoruhusiwa, yaani desibeli 7.7 za ziada. King'amuzi hulazimika kubana sauti yote isipasuke, na jina la mfungaji linabanwa humohumo, wakati ambapo kila mtu anataka kulisikia.

Dawa ipo, na haihitaji mtambo mpya. Mfumo wa kusimba sauti wa AC-3 unamruhusu mrushaji kuambatanisha maelekezo kwa king'amuzi: chaneli za nyuma zipunguzwe desibeli 3, au 6, au ziachwe kabisa. Kwa dabi ningechagua 6. Kisha fundi asikilize toleo lililokunjwa mechi nzima, kwenye spika mbili ndogo, na spika sita azirudie kwa ukaguzi tu.

Kipimo cha ukubwa wa sauti nacho kinataka uangalizi. Shabaha ya Ulaya, R128, ni −23 LUFS (kizio cha ukubwa wa sauti), lakini kipimo chake huzipa chaneli za nyuma uzito wa ziada wa desibeli 1.5. Katika mfano wetu, mtangazaji akiwa sawa na chaneli moja ya mashabiki, toleo lililokunjwa kwa kanuni ya kawaida litasoma karibu desibeli 1.6 chini ya lile la chaneli sita. Tangazo la biashara lililoandaliwa kwa chaneli mbili kwa −23 likifuata, litaruka juu ya mechi. Watu watapunguza sauti, na kipindi cha pili kikianza mtangazaji ananong'ona.

Kwenye simu yenye spika moja mambo yanageuka. Maneno yaliyo sawa kushoto na kulia yanajumlishwa kikamilifu, kelele zisizofanana hazijumlishwi hivyo, na mtangazaji anapanda desibeli 3 ukimlinganisha na mashabiki. Fundi aliyemwongeza mtangazaji kwa ajili ya sabufa abonyeze kitufe cha mono kabla ya filimbi ya kwanza, ahakikishe uwanja bado unasikika.