Shafti Mbili Zisizofanana

Cadillac CTS-V ya 2004 iliingia sokoni na injini ya V8 ya lita 5.7 iliyotoka kwenye Corvette Z06, nguvu za farasi 400, gia sita za mkono, na mfumo wa nyuma ambao kila gurudumu hupanda na kushuka kivyake. Lilikuwa gari la kutamanika. Lakini dereva akiachia klachi ghafla ili aondoke kwa kasi, nyuma ya gari ilianza kugonga, matairi yakiidunda lami mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Aliyeng'ang'ania kukanyaga mafuta aliweza kuondoka hapo na difu iliyopasuka au shafti iliyokatika. Kizazi cha pili, modeli ya 2009, kilifungwa supachaja na kufikia nguvu za farasi 556, na pamoja na nyongeza yote hiyo kikaondoka kwa utulivu kuliko cha kwanza. General Motors walibadilisha mengi kati ya magari hayo mawili. Ninalotaka kulichambua ni moja: shafti mbili zinazotoka kwenye difu kwenda magurudumuni zilitengenezwa kwa makusudi zisilingane unene.

Wengi hudhani tairi hudunda kwa sababu injini ina nguvu kupita kiasi. Nguvu peke yake haidundishi tairi. Klachi inaposhika, shafti hujisokota kidogo, bushi za mpira zinabonyea, na ubavu wa tairi unajikunja. Vyote hivyo ni springi, hata kama fundi haviiti hivyo, na kila kimoja kinaweka akiba ya nguvu. Msokoto unapozidi uwezo wa tairi kushika, tairi inateleza. Mpira unaoteleza una msuguano mdogo kuliko ulioshika barabara, kwa hiyo mzigo unashuka kwa mkupuo na ile akiba yote inafyatuka. Gurudumu linarushwa mbele, springi zinalegea, tairi inapata nafasi ya kushika upya, na mambo yanaanza tena. Dereva ambaye hajaachia mafuta anaulisha mzunguko huo kila unapojirudia.

Kinachovunja vyuma ni ile sekunde ndogo ya kushika upya. Gurudumu lililokuwa likizunguka kwa kasi linasimamishwa na lami, huku nyuma yake flaiwili, gia na propela shafti bado vinakimbia na uzito wao wote. Kitu dhaifu kuliko vyote katika msururu huo ndicho kinachovunjika. Shafti inayobeba mzigo mkubwa siku nzima kwenye mwendo wa kawaida inaweza kukatika kwa mapigo machache ya namna hiyo.

Tuchukue Ford Mustang Cobra ya 2003, kwa kuwa hesabu zake ziko wazi. Injini yake ilitoa msokoto wa takriban nyutoni-mita 529. Gia ya kwanza huuzidisha mara 2.66, na difu mara 3.55. Zidisha, unapata karibu 5,000 kwenye magurudumu ya nyuma, yaani kama 2,500 kwa kila shafti. Hiyo ni hesabu ya msokoto mtulivu. Tairi ikianza kudunda, mzigo kwenye shafti hupanda mpaka kiasi ambacho hesabu hii haikionyeshi kabisa, kisha hushuka na kupanda tena.

Ford walijibu kwa kuongeza chuma. Shafti za Cobra ya 2003 zilipewa meno 31 badala ya 28 ya matoleo yaliyotangulia, na chuma chenyewe kikawa bora. Ilikuwa kazi nzuri, tena ya lazima, lakini haikugusa chanzo. Mfumo wa nyuma wa Cobra, ambao nao kila gurudumu lilipanda na kushuka kivyake, ulisanifiwa ufungwe kwenye sehemu zilezile za bodi zilizokuwa zikibeba ekseli nzima ya Mustang za kawaida, na ulishikiliwa na bushi laini ili ndani ya gari kuwe kimya. Wenye magari waliokwenda kwenye mbio za mstari mnyoofu waliendelea kudundishwa. Wengi waliweka bushi ngumu na vyuma vya kukazia fremu ndogo ya nyuma. Wengine waling'oa mfumo mzima wakarudisha ekseli ya kizamani. Kuimarisha shafti huku bushi zikiachwa laini ni kuhamisha tu mahali pa kuvunjikia: shafti ikipona, zamu inakuwa ya difu.

Sasa turudi kwenye Cadillac. Shafti mbili zikiwa sawa, kushoto na kulia hutetemeka kwa mwendo mmoja. Magurudumu yote mawili yanateleza pamoja na kushika pamoja, na mapigo yao yanakutana kwenye difu kwa wakati uleule. Difu inatikiswa, inaitikisa fremu inayoibeba, na fremu inarudisha mtikisiko magurudumuni. Wanaopiga ngoma mbili kwa pigo moja hutikisa uwanja. Mmoja akichelewa kidogo, vishindo vinavurugana. Ndivyo shafti zisizolingana zinavyofanya kazi. Upande mmoja unapofyatuka, mwingine bado unajisokota, na hakuna unaoukuza mwenzake.

Uzuri wa njia hii ni kwamba tofauti ndogo ya unene huzaa tofauti kubwa ya ukakamavu. Ukakamavu wa shafti nzima dhidi ya kusokotwa hufuata kipenyo kwa kipeo cha nne. Ongeza kipenyo kwa asilimia 20, ukakamavu unakuwa zaidi ya maradufu. Uwezo wa kubeba msokoto hufuata kipeo cha tatu, kwa hiyo nao unapanda, kama asilimia 73. Mhandisi anaweza basi kuinenepesha shafti ya upande mmoja, hata akaitoboa katikati kupunguza uzito, akatenganisha mitetemo ya pande mbili bila kuudhoofisha upande wowote. Hakuna kompyuta wala pampu. Camaro ZL1 ya 2012 ilipewa dawa hiyohiyo.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko Cadillac hiyo. Camaro ya kwanza, ya 1967, ilikuwa na ekseli nzima juu ya springi ya bapa moja tu kila upande. Ukikanyaga mafuta, ekseli ilijaribu kujizungusha kinyume cha magurudumu, springi ikajipinda kama herufi S, kisha ikafyatuka. Modeli ya 1968 ilihamishwa shokapu: moja mbele ya ekseli, nyingine nyuma yake. Ekseli ikijizungusha, shokapu moja inabanwa na nyingine inavutwa, na zote mbili zinaupinga mzunguko huo. Magari yenye injini kubwa yaliongezewa mabapa ya springi pia. Miaka 41 kabla ya modeli ya 2009, dawa ilikuwa ileile ya kutofautisha kushoto na kulia.

Dodge walikwenda njia nyingine. Challenger zao zenye supachaja zilipewa programu inayosoma vihisio vya kasi ya magurudumu, na ikiona dalili za kudunda inapunguza msokoto wa injini kwa kitambo kifupi mno, tairi ishike. Kwenye Demon ya 2018, yenye nguvu za farasi 840, waliongeza pia shafti za meno 41 zenye uwezo wa asilimia 20 zaidi, na kasha la difu lenye uwezo wa asilimia 30 zaidi. Inafanya kazi vizuri sana. Hata hivyo mimi naiweka chini ya ile ya Cadillac, kwa sababu programu hungoja dalili ndipo iingilie kati.

Kwa anayeongeza nguvu kwenye gari lililotumika linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama zile Toyota Mark II zilizotoka Japani na kuishia Dar es Salaam na Nairobi, pa kuanzia ni bushi. Mpira wa miaka 20 umechoka hata kama haujachanika, na huipa difu nafasi ya kucheza. Fuata mauntingi za difu, kisha shokapu za nyuma, kisha tairi zenyewe, maana tairi iliyokauka hushika na kuachia kwa ghafla zaidi. Shafti nene zinunuliwe mwisho. Na gari likianza kugonga, toa mguu kwenye mafuta papo hapo, usisubiri lipite lenyewe.