Mikono ya Mrukaji

Juma lililopita, katika hoteli ya chai hapa Rhonda, vijana walikuwa wameizunguka simu ya mwenzao wakimshangilia mrukaji wa mwavuli wa nchi ya mbali, ambaye alishuka akizunguka kama pia, akapinda kushoto, akapinda kulia, akaupungia umati mkono, kisha akaangukia matako hatua tatu kutoka kwenye shabaha. Nao wakakubaliana kwa sauti moja kwamba huyo ndiye bingwa. Nilinyamaza kwa adabu mpaka kikombe changu kikaisha, walakini ghadhabu haikunitoka, madhali nimepata kuvaa mwavuli katika ujana wangu, na baada ya hapo nikasimama miaka mingi kando ya shimo la changarawe la kutulia nikiwapimia wenzangu visigino kwa futikamba.

Mchezo huu una nasaba ndefu. Garnerin alijiachia kutoka katika puto juu ya Paris tarehe 22 Oktoba 1797, na Leslie Irvin, huko Marekani, akajitupa nje ya ndege tarehe 28 Aprili 1919 na kuufungua mwavuli kwa mkono wake mwenyewe, ilhali wengi wa zama zile waliamini kuwa mtu akianguka hivyo atazimia kabla ya kuvuta. Lakini huo ulikuwa ushujaa, haujawa mashindano. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Bled, Yugoslavia, mwaka 1951, na roho yake ilikuwa kutua juu ya shabaha. Ikaja mitindo, ambamo mrukaji hutoka ndegeni kwenye mita 2,200, akageuka kushoto, akageuka kulia, akapinduka kinyumenyume, kisha akayarudia yote, na hodari huyamaliza hayo sita kabla ya sekunde ya saba kutimia. Na mwaka 1975, Warendorf, Ujerumani Magharibi, makundi yakaanza kuwania ubingwa wa dunia wa kushikana angani. Hayo yote nayaheshimu, ila mizani ya mrukaji ni shabaha, na yaliyobaki ni mapambo.

Kitovu cha shabaha zamani kilikuwa na upana wa sentimita 10. Kikapunguzwa hadi 5, kisha 3, na leo ni 2 tu, takriban sarafu ya shilingi tano, nacho kimewekwa juu ya godoro nene, na chombo cha umeme husoma mahali kisigino kilipogusa kwanza, hadi sentimita 16, ambapo hesabu hukoma. Chombo hicho kimeondoa hila nyingi, na kwa hilo nakishukuru. Namkumbuka mmoja wa enzi za changarawe, simtaji, ambaye kila alipotua kwenye changarawe aliburura miguu kuelekea kitovuni akijifanya amepepesuka, ili alama ya kwanza ifukiwe na ya pili ndiyo ipimwe. Alichukua vikombe viwili kwa njia hiyo, mpaka siku mwamuzi mmoja mzee alipolala kifudifudi kando ya shimo, shavu juu ya mchanga, akaona kisigino cha kweli kilipoingia, mita nzima nyuma. Hata hivyo changarawe ilikuwa na sauti yake, mkwaruzo mmoja mfupi ambao waliokuwa wakisubiri zamu waliutambua hata wakiwa wameipa shabaha mgongo, na godoro halisemi neno.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo asiyejua halioni kamwe, kwa kuwa macho yake yamenaswa na rangi za kitambaa. Tazama mikono. Mrukaji stadi, akiisha kuuelekea upepo na kujipanga nyuma ya shabaha, huvivuta vishikio vyake vya kuongozea nusu, mikono ikakaa karibu na mabega, na tangu hapo hadi chini huna utakaloliona ila ukiwa na jicho lililofundishwa: mkono wa kushoto unashuka upana wa kidole kimoja, wa kulia unapanda nusu yake, yote miwili inatulia tena, na mwavuli wa mraba unashuka juu ya mteremko mmoja kana kwamba umefungwa uzi. Jicho lake limekazwa kitovuni, kwani kitovu kikionekana kupanda mbele yake, atapungukiwa. Kikionekana kuzama chini ya miguu yake, atapitiliza. Na kikisimama palepale kikizidi kuwa kikubwa, yumo njiani, wala hana haja ya kufanya lolote ila kusubiri. Subira hiyo ndiyo ustadi wote. Asiye nayo huvuta, akaachia, akavuta tena, na mwavuli uliovutwa kupita kiasi hupoteza upepo wake ukamwangusha kama gunia, nao umati hudhani ni mbwembwe.

Alikuwapo koplo mmoja katika siku zetu ambaye mikono yake ilikuwa kama ya mwanamke anayetua mtungi uliojaa, asiyetaka tone limwagike. Mita ya mwisho alinyoosha mguu mmoja, vidole juu, kisigino chini, akagusa kama anayeonja joto la maji. Makurutu aliwapeleka kwanza ukingoni mwa Ziwa Nakuru, siyo kwenye ndege, wakae asubuhi nzima kuwatazama mwari wakitua: mabawa yamekazwa, hayapigi, miguu imetangulia. Sijaona mafunzo bora kuliko hayo tangu wakati huo.

Kuna alama nyingine za kumpimia mrukaji. Asiyekunja mwavuli wake mwenyewe si mrukaji kamili. Anayeupungia umati kabla ya kugusa ardhi hajui alipo. Mwavuli wenye rangi zaidi ya mbili huficha udhaifu wa mwenyewe. Huko Diani siku hizi wageni hufungwa kifuani pa mwalimu na kushushwa juu ya mchanga wa pwani, nami nawafurahia, kwani bahari ionekanayo kutoka juu haisahauliki. Walakini abiria ni abiria. Na askari wetu wa miavuli washukapo na bendera katika sikukuu za taifa, iache bendera, shusha macho, tafuta vishikio.

Nilipoinuka kulipia chai nilimwomba yule kijana mwenye simu anionyeshe tena picha zile, nikaweka kidole gumba juu ya kioo, kitambaa chote kikafunikwa, ikabaki mikono peke yake: inapanda, inashuka, inapanda, kama ya mtu anayefukuza nyuki. Kijana akatazama, akazirudisha nyuma, akatazama tena.

"Kumbe anahangaika, mzee," akasema.