Shangazi Aliyevuka Bahari

Kicheko cha jukwaani hupangwa. Mtazamaji anayeshika mbavu hudhani kimemjia ghafla, kumbe mwandishi alikianza nusu saa kabla, pale alipomtoa mtu fulani kwa mlango wa kushoto na kuacha barua mezani. Ufundi huo ndio ninaousifu hapa, na sijui kazi inayouonyesha vizuri kuliko Charley's Aunt ya Brandon Thomas, kichekesho kilichofunguliwa Bury St Edmunds, Uingereza, Februari 1892, kikaingia London Desemba ya mwaka huohuo, kikachezwa mara 1,466.

Kisa chenyewe ni chepesi. Jack na Charley, wanafunzi wa Oxford, wanataka kuwaalika chakula cha mchana wasichana wanaowapenda. Kwa adabu za wakati ule, binti hakuingia chumbani mwa kijana bila mwanamke mtu mzima kuwapo. Shangazi yake Charley, Donna Lucia, mjane tajiri atokaye Brazil, alitarajiwa siku hiyo, lakini ikaja telegramu kwamba atachelewa. Rafiki yao Lord Fancourt Babberley yuko chumba cha ndani akijaribu gauni la mchezo wa kuigiza. Wageni wamekwisha kufika. Anasukumwa mbele yao awe shangazi.

Hapo tazama mikono ya fundi. Kila aingiaye ana haja yake ya kweli, na hakuna aliyekuja kuchekesha. Babake Jack, aliyetumikia India na sasa amerithi madeni, anahitaji mke mwenye mali. Mzee Spettigue, ambaye bila kibali chake wasichana hawaolewi, anaitamani mali hiyohiyo. Wazee hao wawili wanamposa mwanamume aliyevaa gauni. Kisha Donna Lucia mwenyewe anafika, anaona jina lake limevaliwa na mtu mwingine, anaficha lake na kukaa kutazama. Naye kijana wa gauni anakutana na msichana anayempenda kwa dhati, yuko mbele yake, na hawezi kumwambia neno. Ukilivua gauni, bado kinabaki kisa kamili cha deni, tamaa na mapenzi. Ndiyo maana mchezo haukuzeeka, ilhali vichekesho vingi vya enzi yake vimekufa pamoja na utani wake.

W. S. Penley, aliyecheza shangazi London, alipata sifa kubwa. Nafikiri ugumu wa sehemu ile haueleweki vya kutosha. Mwigizaji akianza kudeka kama mwanamke, mchezo umeharibika. Anayetuchekesha ni mwanamume aliyenaswa, anayelitazama gauni lile kama mfungwa anavyotazama pingu, na kila dakika anatafuta mlango.

Meli ndizo zilizoubeba ufundi huu hadi makoloni. Tangu Mfereji wa Suez ufunguliwe mwaka 1869, kundi la waigizaji liliweza kufika India au Australia kwa majuma badala ya miezi, na mwigizaji Frank Thornton aliwapelekea Waaustralia shangazi yule katika miaka ya 1890. Kichekesho kilisafiri kwa urahisi: waigizaji kumi hivi, mandhari matatu, milango inayofunga vizuri. Hata watu wasio waigizaji wa kazi walithubutu. Kule Simla, mji wa milimani India ambako serikali ya Waingereza ilihamia kuepuka joto la kiangazi, ukumbi wa Gaiety ulifunguliwa mwaka 1887, na maofisa na wake zao walipanda jukwaani wenyewe kuchekesha wenzao. Mhindi aliyewahudumia hakuhesabiwa katika hadhira.

Hata hivyo wakoloni walizijua nguvu za kicheko. Mwaka 1876 kundi moja la Calcutta lilionyesha kichekesho cha Kibengali kilichomkejeli mwanasheria aliyemkaribisha mwana wa malkia ndani ya makazi ya wanawake wa nyumba yake. Polisi wakauzima mchezo, na mwaka huohuo serikali ikatunga sheria ya kuzuia maonyesho ya jukwaani. Kicheko kilichokuwa burudani kwa bwana kilihesabiwa hatari kinywani mwa mtawaliwa.

Kwa hiyo namheshimu sana Pralhad Keshav Atre, mwandishi wa Kihindi aliyeandika kwa Kimarathi, aliyezaliwa 1898. Alimchukua shangazi wa Oxford akamgeuza Moruchi Mavshi, mwanamke wa Maharashtra kwa mavazi na kwa ulimi. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko inavyoonekana. Jukwaa la Kimarathi lilikuwa limemlea Bal Gandharva, mwanamume aliyewaigiza wanawake kwa uzuri hata wanawake wenyewe wakaiga mavazi yake. Mbele ya hadhira iliyozoea ustadi huo, mwanamume ndani ya sari hakuwa kioja. Ilibidi kicheko kitoke kwenye muundo: nani anajua, nani hajui, nani yuko karibu kuingia. Na muundo ulihimili. Miaka ya 1980 Vijay Chavan aliufufua mchezo huo akawa kipenzi cha watazamaji, na wengi wao hawakuwa na haja yoyote ya kumjua Brandon Thomas. Kwangu, ushindi huo unazidi zile mara 1,466 za London.

Huku kwetu nako mbegu zilianguka. Graham Hyslop, ofisa wa serikali ya kikoloni Kenya, aliandika kwa Kiswahili Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu, na Henry Kuria akatoa Nakupenda, Lakini... iliyotokana na maigizo ya shule ya Alliance. Vipaji vya kuchekesha tunavyo tele hadi leo. Ninachokikosa mara nyingi ni useremala wa kisa: tunamtegemea mchekeshaji avute uso na kubadili sauti, na mlango wa kushoto hauna kazi.

Brandon Thomas alifariki mwaka 1914, na tamthilia yake haina tena mwenye kuidai. Mwandishi wa Kiswahili aichukue. Asihangaike na Oxford wala Brazil. Amtafute shangazi wake Tanga au Kisumu, ampe wachumba wenye madeni ya kweli, na ahesabu milango kabla ya kuandika neno la kwanza.