Skana Ile Haikupaswa Kuchomekwa

Mmeiona wote video ile. Aprili 20, 1998, maonyesho ya COMDEX jijini Chicago: Bill Gates yuko jukwaani, mwenzake wa Microsoft, Chris Capossela, anachomeka skana kwenye kompyuta inayowaka, skrini inageuka bluu: Windows imekwama. Ukumbi ukacheka, Gates akatania kwamba bila shaka ndiyo maana Windows 98 haijaingia sokoni, na watu wakasema ni bahati mbaya. Nakataa. Ule ulikuwa uamuzi mbovu.

Turudi kwenye plagi yenyewe. Plagi ya USB ya skana ile ina pini nne, na zile mbili za umeme zimetokeza mbele kuliko mbili za data ili volti 5 zitangulie kufika. Waliobuni hilo walifanya kazi safi. Shughuli inaanza hapo: kompyuta inamhisi mgeni, inampa anwani, inamuuliza yeye ni nani na anahitaji umeme kiasi gani. Kabla ya kuruhusiwa asizidishe miliampia 100, akiruhusiwa, 500. Kisha Windows inatafuta draiva na kuipakia kwenye kiini cha mfumo, kunakoendeshwa kumbukumbu, diski na skrini. Draiva ikiteleza hapo, haianguki peke yake.

Yote hayo Gates na wenzake waliyaacha yatokee mara moja, mbele ya watu, kwenye mfumo ambao haujakamilika. Watetezi wao husema kilichoonyeshwa ni kuchomeka kwenyewe. Basi kilikuwa hakijaiva, na mahali pake palikuwa maabara. Windows 98 iliuzwa kuanzia Juni 25; miezi miwili ya kujaribu skana kwa utulivu ilikuwepo.

Mtafiti Douglas Engelbart hakucheza hivyo. Desemba 9, 1968, San Francisco, alionyesha kipanya na maandishi yanayohaririwa kwenye skrini kwa dakika 90, kompyuta yenyewe ikiwa Menlo Park, makumi ya kilomita kutoka ukumbini. Mhandisi wake Bill English na wenzake walikuwa wameshaunganisha mitambo kabla watu hawajakaa. Huo ndio ufundi.

Nimelisema hili mara nyingi na sitachoka: madhara makubwa ya mbwembwe za miaka ile yako majumbani. Watu walifundishwa kwamba kila tundu huchomekwa mashine ikiwaka. Kibodi ya PS/2, ile ya plagi ya duara yenye pini sita, haikuundwa kwa hilo. Isukume upande, pini ya volti 5 iguse pasipo pake, na kifyuzi kilichochomelewa kwenye ubao mama kinaungua. Kibodi imekufa, na utanunua nyingine bure, maana ugonjwa uko ndani ya kompyuta.

Printa ya waya mpana ni hatari zaidi. Soketi zisipokuwa na ethi, bodi ya kompyuta na ya printa hazilingani volti. Plagi ikigusana, tofauti hiyo hupita kwenye pini za data na kuchoma saketi.

Kwa hiyo, tundu lisipokuwa la USB, zima vyote viwili, chomoa ukutani, unganisha, ndipo uwashe. Na hata USB, kifaa usichowahi kukijaribu usikichomeke kabla hujahifadhi kazi yako na kufunga programu. Gates alipoteza onyesho tu. Wewe utapoteza kazi yako.