Hauyani: Sauti, Mkono na Neno

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu sisi walimu huifafanua methali hii kwa mfano wa duka na fedha. Katika makala haya nitaitumia kupimia kazi ya namna nyingine, yaani kuhifadhi rekodi na historia ya wapiga gitaa wa Malawi na nchi jirani, hususan wale wa mtindo uitwao hauyani. Swali ni hili: je, yaliyohifadhiwa yanatosha kumfundisha kijana ambaye hakuwahi kuwaona mafundi hao?

Jina hauyani limetokana na Hawaii. Katika visiwa hivyo, mwishoni mwa karne ya 19, kijana Joseph Kekuku alianza kupiga gitaa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi badala ya kuzibana kwa vidole. Mwaka 1904 alikwenda Marekani bara, na baadaye santuri zikaueneza mtindo huo duniani. Huku kwetu magitaa na santuri vililetwa na watu wengi waliorejea kutoka kazini Afrika Kusini na Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe. Gitaa likalazwa mapajani, na chupa ndogo ikaweza kushika nafasi ya chuma. Hapo sauti hupanda na kushuka bila kukatika, mithili ya mtu aimbaye. Nalo jina la kigeni likafuata matamshi ya wenyeji, kama maneno yote ya mkopo yafanyavyo.

Fundi mashuhuri wa mtindo huu alikuwa Daniel Kachamba (1947–1987) wa Chileka, karibu na Blantyre. Alipiga pamoja na mdogo wake Donald (1953–2001), aliyesifika kwa filimbi. Mwaka 1967 mtaalamu wa Austria, Gerhard Kubik, alianza kuwarekodi, na mwaka 1974 kitabu chake juu ya bendi ya ndugu hao kilichapishwa Lusaka.

Ili tuihukumu kazi hiyo kwa haki, yatupasa kuilinganisha na ile iliyoitangulia. Hugh Tracey, aliyeanzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika mwaka 1954, alitoa mfululizo wa santuri zaidi ya 200. Mwaka 1952, mjini Jadotville, ambao sasa ni Likasi, alimrekodi Jean Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Katanga aliyeimba nyimbo nyingi kwa Kiswahili cha kwao. Mwenda hakuwa mtu wa hauyani. Alichuma nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada. Hata hivyo, yeye na Kachamba ni wa historia moja, ile ya gitaa lililoingia vijijini na mijini bila mwalimu wala daftari la noti.

Sifa ya Tracey ni kwamba aliwahi. Kadi za santuri zake hutaja mpigaji, mahali, lugha na ala. Lakini tukifika kwenye maneno ya wimbo, mara nyingi tunapewa muhtasari wa sentensi chache za Kiingereza. Msikilizaji anaambiwa wimbo unahusu nini, haambiwi umesemwaje. Huo ndio upungufu wake mkubwa machoni pa mwalimu wa lugha.

Kubik alipiga hatua mbele. Alifahamu kwamba sikio peke yake halioni namna gitaa lilivyolazwa, wala kidole kilichogusa uzi upi. Kwa hiyo alitumia pia filamu. Mkusanyo wake wa picha na sauti uliotolewa mwaka 1995, wenye kazi za kati ya 1966 na 1993, unawaonyesha Kachamba na Mwenda wakiwa kazini. Zaidi ya hayo, kazi hiyo haikubaki mikononi mwa mgeni. Moya Aliya Malamusi, Mmalawi aliyekuwa mwanamuziki mwenzao, amekuwa akirekodi na kutunza kumbukumbu huko huko Chileka. Hifadhi iliyo karibu na wenyewe ina faida moja kubwa: mwenye shaka anaweza kwenda kuuliza.

Faida hiyo inaonekana pia nchini Kenya. Mwaka 1950 Tracey aliwarekodi Wakipsigis wakimwimba Chemirocha, yaani Jimmie Rodgers, Mmarekani ambaye baadhi ya santuri zake zina gitaa la Hawaii. Ilichukua zaidi ya miaka 60 kabla ya nakala za nyimbo hizo kurudishwa kwa jamii iliyoziimba. Katika muda kama huo waimbaji huzeeka, na majibu mengi huenda nao kaburini.

Hapa ndipo jambo hili linapotugusa sisi wa Lilongwe. Wilayani Dowa, si mbali na mji mkuu, iko kambi ya Dzaleka, iliyofunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994. Wakazi wake wamezidi 50,000, na walio wengi wametoka Kongo. Tangu mwaka 2014 Tamasha la Tumaini limewapa wasanii wa pale jukwaa, nasi tunalipongeza. Lakini jukwaa si ghala. Wazee waliokulia Katanga na Kivu wanakijua Kiswahili cha nyimbo za akina Mwenda kuliko kamusi zetu, na hawatakuwapo daima.

Kwa maoni yangu, hifadhi kamili ina sehemu tatu: sauti, mkono na neno. Sauti imepata walinzi wake, na mkono umepata filamu. Neno bado ni yatima, nasi ndio tuliosomea kazi ya kulilea. Kila mwalimu anaweza kukaa na mzee mmoja, wakasikiliza rekodi pamoja, akaandika maneno yote, jina la msimulizi na tarehe. Afanye hivyo kwa ridhaa ya mzee mwenyewe, na kumwachia nakala.

Kuna onyo moja. Mwimbaji wa Katanga akisema batu na bintu, tusiandike watu na vitu. Kalamu nyekundu ina mahali pake darasani, lakini katika kumbukumbu ni uharibifu. Tukisahihisha, tutakuwa tumehifadhi Kiswahili chetu wenyewe na kukipoteza cha mwimbaji. Ufafanuzi uwekwe pembeni. Maneno yaachwe yalivyo. Tufanye hivyo mapema, wangali wapo wa kutueleza.